Saa Yako ya Kutafakari ni Ipi?



Miaka mingi nilifundisha vijana wa hapa Lusenda kwamba kutafakari Neno ni saa kumi na moja ya alfajiri, basi. Andiko langu lilikuwa Marko 1:35, pale Yesu alipoamka kungali giza akaenda mahali pa faragha. Aliyelala saa ile nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Leo naomba msamaha, juu ya kijana mmoja mvuvi.

Yeye anavua ndakala kwa taa. Anaingia ziwani jua likizama, anarudi kukipambazuka. Aliacha kikundi cha vijana miezi mitatu, nikamfuata kwao. Akasema: "Pasta, nikifungua Biblia ile saa, macho inajifunga. Nikaona labda Mungu hanitaki juu ya kazi yangu." Nilinyamaza. Nilikuwa nimemtwisha mzigo ambao mimi, ninayelala usiku mzima, sikuubeba hata siku moja.

Nikarudi katika Biblia. Isaka alitoka kwenda kutafakari shambani wakati wa jioni (Mwanzo 24:63). Petro alipanda darini kuomba saa sita (Matendo 10:9), nayo ni saa sita yetu ya mchana, maana wao walihesabu tangu jua kuchomoza kama sisi. Danieli, mara tatu kwa siku. Paulo na Sila, usiku wa manane gerezani; lakini hao hawakuchagua saa, walifungwa miguu!

Basi, ndugu unayetoka shimoni kule Misisi asubuhi, lala kwanza. Akili iliyokesha haitafakari, inasinzia. Mama uliye kambini, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ndugu zetu wa Burundi, alfajiri unawaza maji na kuni. Pengine saa yako ni saa nane, watoto wakiwa masomoni. Ila si mara baada ya ugali wa muhogo. Huo nao unajua kulaza mtu.

Saa huna? Funga dakika zako kumi kwenye jambo la kila siku. Kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, halidanganyi sana.

Na jambo hili nililisoma shule ya Biblia nikalisahau: katika Yoshua 1:8, neno la Kiebrania la kutafakari lina maana ya kunong'ona, kusema polepole mdomoni. Chukua mstari mmoja, uurudie. Hata mikono ikiwa kazini inawezekana.

Yule kijana sasa anafanya hivyo saa kumi ya jioni, akishona wavu wake kabla ya kwenda majini. Siku za mbalamwezi, taa zikishindwa kuvuta samaki na mitumbwi ikipumzika, anakuja alfajiri pamoja na wenzake. Siku zingine simuulizi.