Kozi ya Kiingereza Irekebishwe kwa Kauli ya Nani?

Tangu mwaka 1967 masomo katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto wa shule hizo hukutana na Kiingereza kama somo tu, na aghalabu kinywa cha mwalimu ndicho chemchemi yake pekee. Chemchemi ikiwa na tope, mtoto atakunywa tope.

Kwa sababu hiyo sisi wakufunzi, tulipotaka kurekebisha kozi yetu ya Kiingereza, hatukuanza na vitabu. Tuliwapa wanachuo karatasi zisizo na majina, waandike ni vipindi gani viliwafaa katika mazoezi ya kufundisha na vipi havikuwafaa. Kisha tukawaendea walimu waliowapokea shuleni.

Majibu hayakupatana. Wanachuo wengi walitaka sarufi iongezwe, kwa kuwa ndiyo iulizwayo katika mitihani. Walimu walisema kwamba kanuni za sarufi wanachuo wanazijua. Wanachoshindwa ni kuamuru, kuuliza na kusahihisha kwa Kiingereza chepesi. Tena walitaja kosa moja sugu: mtoto huitikia "she" pamoja na darasa zima, lakini akisimama peke yake humwita mama yake "he". Huo si uzembe. Kiswahili hutumia "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Jambo hilo tulikuwa tumelitengea kipindi kimoja tu, ilhali alama za matamshi, tulizojivunia sana, zilichukua majuma matatu. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyesema zilimfaa darasani. Kukubali hilo kulituuma. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa maoni yetu, majibu ya namna hii si kura za kuhesabiwa. Wingi wa wanachuo haukutosha kutufanya tuongeze sarufi, wala uzoefu wa walimu haukutosha kutufanya tuifute. Kila ombi tulilipima kwa swali moja: je, litamwezesha mtoto kusema sentensi ambayo hakukaririshwa? Hivyo tulipunguza alama za matamshi, na sarufi tukaiingiza katika maandalio ya masomo. Mwanachuo sasa hujifunza wakati uliopita kwa kutunga maswali atakayowauliza watoto juu ya kazi walizofanya jana nyumbani.

Nanyi walimu wa kesho, msingoje kozi irekebishwe na wakubwa. Kila mwisho wa juma waulizeni watoto ni wapi hawakuelewa, na muwe tayari kufuta hata kile mlichokipenda.