Hiyo "nguvu" yenu ni nguvu gani?

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nina ugomvi.

Kocha mmoja wa polo ya majini alinifuata hapa Pumwani na jedwali la vijana wake. Safu mbili: muda wa mita 50, na "nguvu". Nguvu gani? Akaeleza: anamfunga kijana kamba kiunoni, ncha ya pili anaifunga kwenye mizani ya dijitali ya kuning'iniza mizigo, kijana anaogelea sekunde 30 papo hapo, naye anasoma kilo. Alitaka programu izidishe kilo hizo na kasi ya mita 50, itoe wati, halafu iwapange. Wa chini waachwe.

Nikakataa.

Kilo 12 kwenye mizani ni kama newtoni 118. Hiyo ni kani. Wati ni kani mara kasi, na vyote viwili vipimwe kwa wakati mmoja. Aliyefungwa kamba haendi popote: kasi yake ni sufuri. Kumkopesha kasi ya siku nyingine ni kubuni namba.

Mtasema ni ubishi wa maneno. Haya, kijana mmoja wa Majengo alivuta kilo 14, lakini mita 50 alitumia sekunde 48. Mwenzake: kilo 10, sekunde 32. Zidisha uone. Yule wa Majengo anapata kama wati 143, mwenzake 153. Aliyevuta zaidi ameshushwa na hesabu isiyo na maana!

Saa inatosha kwa mbio. Jason Dunford alipoogelea mita 100 kipepeo kwa sekunde 51.14 kwenye mchujo wa Beijing 2008, ikawa rekodi ya Olimpiki kwa dakika chache, hakuna aliyehitaji kipimo kingine. Polo ni mambo mengine. Mchezaji wa ndani harusiwi kujisukuma kutoka sakafuni. Anakoroga maji kwa miguu, mpinzani amemganda mgongoni, na bado lazima ainuke arushe mpira. Hapo kilo za kwenye kamba zina maana yake. Ziacheni zibaki kani.

Mnataka wati kweli? Mtungi upo. Pitisha kamba kwenye kapi, funga mtungi wenye lita 10 za maji, kijana aogelee akiuinua. Ukipanda mita 4 kwa sekunde 5: 98 × 4 ÷ 5, kama wati 78. Hizo ni za kuinua mtungi tu, maji ya bwawa yamekula zake. Rudia kwa lita 5 na 15, uchukue iliyo kubwa.

Programu nimemwandikia. Ina safu tatu: muda, kani, wati za mtungi. Safu ya "nguvu" haipo, na haimpangi mtu. Kocha akitaka kumwacha kijana, amwambie mwenyewe kwa nini, asisingizie kompyuta.

Wabishi, karibuni.