Adui Alalaye Hajafa

Juma hili twataka kusema habari ya magonjwa mawili yanayokutana katika mwili wa mtu mmoja: kansa ya tezi, iitwayo limfoma, na homa ya ini aina ya B, iletwayo na virusi.

Limfoma ni kansa ya chembe nyeupe za damu, wale askari waulindao mwili. Mara nyingi huanza kwa uvimbe usiouma, shingoni, kwapani au kinenani, pengine pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Jamii nyingi za limfoma zatibika. Lakini dawa zake huwapiga askari wabaya pamoja na wazuri. Ndipo penye hatari.

Virusi vya homa ya ini B, ambavyo alama yake katika damu iligunduliwa na mtaalamu Baruch Blumberg miaka ya 1960, huweza kukaa katika ini miaka mingi bila mtu kujisikia mgonjwa. Askari wa mwili huvizuia kama walinzi wa gereza wamzuiavyo mfungwa. Walinzi wakiangushwa na dawa, mfungwa huvunja mlango. Hatari huzidi kwa dawa iitwayo rituksimabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 na kuwafaa wagonjwa wengi. Mwaka 2013 wakuu wa dawa wa nchi hiyo waliongeza onyo kali juu yake kwa ajili ya jambo hilo.

Tutoe mfano. Baba anatibiwa limfoma. Uvimbe wapungua, jamaa wafurahi. Mara macho yake yageuka manjano. Waganga hulazimika kusimamisha dawa ili waokoe ini, na dawa zikisimama kansa hupata nafasi ya kukua tena. Hivyo mtu aweza kufa kwa ini akiwa anapona limfoma, ama kufa kwa limfoma kwa sababu ya ini.

Je, hakuna njia? Iko. Kabla dawa hazijaanza, damu ipimwe mara mbili: kipimo kimoja hutafuta alama ya virusi vyenyewe, cha pili alama ya vita vya zamani. Maana hata yule aliyeambiwa kwamba alikwisha kupona aweza kubaki na virusi vilivyojificha ndani ya ini. Akionekana yu hatarini, hupewa vidonge vya entekaviri au tenofoviri kila siku, apate kumaliza matibabu yake kama wengine.

Lililo gumu ni uvumilivu. Vidonge hivyo havikomi pamoja na dawa za kansa: baada ya rituksimabu huendelea mwaka mzima au zaidi. Mgonjwa huona nguvu zimerudi, husema, «Vya nini tena?», akaviacha. Hapo ndipo adui huamka.

Basi, akina baba na akina mama, msimfiche mganga habari za manjano ya zamani, wala msione haya kuomba damu ipimwe. Msimtenge mgonjwa: ugonjwa huu hauenei kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono. Nanyi wanafunzi, mjuao kusoma na kuhesabu, wahesabieni wazee wenu vidonge vyao kila jioni. Kazi hiyo ni ndogo, lakini yaweza kumbakiza baba nyumbani.