Miguu Isiyotulia Usiku: Tupime Damu Kwanza

Mama mmoja amelima tangu alfajiri. Jioni ameketi kwenye benchi katika ibada. Kabla mahubiri hayajafika nusu, miguu yaanza kumsumbua. Si maumivu hasa. Ni kama wadudu watambaao ndani ya mifupa, naye hawezi kuiacha itulie. Akitoka nje na kutembea kidogo, anapata nafuu. Akiketi tena, yarudi. Watu wamtazama, na wengine wanong'ona kwamba hapendi Neno. Usiku mumewe analalamika kwa kuwa kitanda hakitulii. Asubuhi amechoka kabla ya kushika jembe.

Ndugu wasomaji, mama wa namna hii si mvivu, wala hadharau ibada, wala hakurogwa. Ana ugonjwa unaojulikana tangu zamani. Munganga Mwingereza, Thomas Willis, aliuandika mwaka 1672. Munganga wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliueleza vema zaidi mwaka 1945. Sisi twaweza kuuita ugonjwa wa miguu isiyotulia.

Alama zake ni nne. Kwanza, mtu anasukumwa kutikisa miguu. Pili, jambo hili huanza akiwa ameketi au amelala. Tatu, akitembea au akijinyosha, hupungua. Nne, huzidi jioni na usiku. Msuli ukijikaza ukawa mgumu kama jiwe, huo ni ugonjwa mwingine. Miguu ikiwaka moto mchana na usiku, labda ni kisukari. Ikivimba au ikikosa nguvu, nenda hospitali upesi. Kaskazini mwa Tanzania, watu waliulizwa nyumba kwa nyumba, na habari zilizochapishwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba wenye ugonjwa huu walikuwa wachache sana. Basi mtu asijiamulie mwenyewe kwamba anao.

Je, unatoka wapi? Mara nyingi ni upungufu wa chuma mwilini. Chuma hutengeneza damu, tena ubongo wahitaji chuma ili uiongoze miguu vizuri. Wanawake wenye mimba huupata hasa katika miezi ya mwisho, na kwa wengi huondoka baada ya kuzaa. Watu wenye ugonjwa wa figo huupata pia. Wengine waliurithi kwa wazazi wao.

Sasa nitasema neno ambalo labda halitawapendeza wote. Naona tunapoteza fedha nyingi bure. Mtu akikosa usingizi, huenda sokoni kununua vidonge vya rangi rangi, chupa ya vitamini, au magnesiamu. Mwingine huomba sindano ya nguvu. Mwingine huenda kwa mfumu na kuambiwa kwamba jirani amemtendea ubaya, na hapo chuki huingia kijijini. Ushahidi kwamba magnesiamu na vitamini huponya miguu hii ni mdogo. Ushahidi wa chuma ni mkubwa zaidi, lakini kwa mtu aliyepungukiwa nacho. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima damu.

Tena, chuma si peremende. Mtoto akimeza vidonge vingi vya mama yake aweza kufa, kwa hiyo viwekwe mbali naye. Mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi huuita SS, asimeze chuma bila shauri la munganga, hasa kama ameongezewa damu mara nyingi, maana chuma chaweza kujaa mwilini na kumdhuru. Mujue pia kwamba damu yaweza kuonekana ya kutosha huku akiba ya chuma imepungua. Kipimo cha akiba hiyo huitwa feritini. Mahali kilipo, kiombwe.

Munganga akikupa vidonge vya chuma, uvimeze kama alivyosema, pamoja na chungwa au maji ya limau. Usivimeze na chai au kahawa, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Usiache baada ya siku tatu ukisema dawa haifai. Akiba hujaa polepole, kwa majuma mengi. Kisha rudi upimwe tena.

Lakini kujaza ndoo iliyotoboka ni kazi bure. Minyoo ya safura hunyonya damu kila siku, nayo huingia kwa nyayo zisizo na viatu. Basi tumia dawa ya minyoo, chimba choo, vaa viatu. Malaria huharibu damu. Lala ndani ya chandarua. Mama anayetokwa na damu nyingi kila mwezi asione haya kusema.

Chakula nacho ni msaada. Ziwa letu latupa ndakala. Tule ndakala au nyama pamoja na sombe, lengalenga na maharage, maana chuma cha samaki na nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha majani. Baba asijipakulie samaki wote huku mama mwenye mimba akibaki na bukari na mchuzi.

Usiku miguu ikisumbua, tembea, ijinyoshe, isugue, au iweke katika maji ya moto kiasi. Lala na kuamka saa zile zile. Acha kahawa ya jioni, pombe na tumbako. Ujihadhari na dawa za usingizi au za mafua zinazouzwa ovyo, kama prometazini. Zaweza kuzidisha shida. Ikiwa munganga ndiye aliyekupa dawa, usiiache mwenyewe, bali mwulize. Yote haya yakishindwa, ziko dawa nyingine, nazo ni za munganga kuamua.

Ninyi wazee wa kanisa, nawaomba jambo moja. Mwacheni mama yule aketi karibu na mlango. Akitoka kutembea, msimkemee. Na ibada ikiisha, mtu mmoja amwambie kwa upole, "Mama, kesho twende hospitali, tupime damu."