Hoteli ndogo za Mji Mkongwe: Wageni wapo, kwa nini hesabu bado inabana?

Ukipita vichochoro vya Hurumzi, Shangani au Kiponda mjini Unguja, kila baada ya hatua chache unakutana na mlango wa nakshi wenye kibao cha hoteli. Ndani kuna vyumba vinane, kumi, pengine kumi na tano. Juu kuna paa lenye meza chache za chai na upepo wa bahari.

Hizi ndizo hoteli za butiki. Ni ndogo, kila moja na sura yake, na kinachouzwa hapo ni nyumba yenyewe na historia yake. Mmarekani Emerson Skeens, aliyefariki mwaka 2014, ni miongoni mwa waliofungua njia hiyo kwa kugeuza majumba ya zamani kuwa hoteli.

Kwa nje biashara inaonekana tamu. Watalii waliofika Zanzibar walikuwa zaidi ya 538,000 mwaka 2019. Wakaporomoka hadi takriban 260,000 mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19, kisha wakavuka 630,000 mwaka 2023 na 700,000 mwaka 2024.

Lakini wageni kujaa uwanja wa ndege si sawa na vyumba kujaa mjini. Wengi wanakimbilia fukwe za Nungwi, Kendwa, Paje na Kiwengwa. Mjini wanalala usiku mmoja au miwili, basi. Kwa hoteli ndogo hiyo ina maana ya kufua mashuka kila siku na kupokea wapya kila siku, huku ya kesho haijulikani.

Nyumba ni ya nani?

Kikwazo cha kwanza kinakuja kabla hata ya kununua kitanda. Baada ya Mapinduzi ya 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe yalichukuliwa na Serikali. Mengine ni mali ya wakfu. Mengine ni ya familia ambazo warithi wake wametawanyika Muscat, Dubai na London, na kila mmoja ana fungu lake.

Kwa hiyo wawekezaji wengi hawanunui, wanakodi. Hapo ndipo penye mtego. Anayemwaga mtaji mkubwa kukarabati nyumba ya mwenzake kwa mkataba wa miaka 10 anaweza kujikuta mkataba unakwisha wakati ndiyo kwanza anaanza kuona faida. Mrithi mmoja aliyesahauliwa naye anaweza kuibuka na kudai haki yake nyumba ikishapendeza.

Kuna na suala la vibali. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Kubomoa ukuta, kubadili dirisha au kuongeza ghorofa si uamuzi wa mwenye hoteli peke yake.

Adui anaitwa bafu

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wa takriban mita tatu. Huwezi kutanua chumba kwa sababu tu mgeni anataka kitanda kikubwa zaidi.

Tatizo kubwa zaidi ni maji. Majumba haya hayakujengwa kwa bafu la ndani kila chumba, lakini mgeni wa leo hakubali kutoka nje kwenda kuoga. Vyumba kumi ni mabafu kumi, mengi yakiwa ghorofani. Bomba likivuja kidogo kidogo, boriti zinaoza chini ya sakafu na hakuna anayeona mpaka dari ianze kushuka.

Wengine hukimbilia saruji kwa sababu ni rahisi na inakauka upesi. Saruji inazuia unyevu kutoka ukutani, wakati chokaa huuacha upumue. Baada ya misimu michache ya mvua, rangi inababuka na jiwe la ndani linaanza kumung'unyuka. Aliyebana matumizi mwanzo anajikuta akilipa mara mbili.

Hesabu kwenye karatasi

Chukua mfano wa hoteli ya vyumba 10, bei dola 100 kwa usiku, kodi ikiwa ndani. Vyumba vikijaa kwa wastani wa asilimia 60 kwa mwaka, mauzo ni dola 219,000.

Toa VAT ya asilimia 15 inayotozwa Zanzibar, inabaki kama dola 190,400. Kama wageni wote wamekuja kupitia mitandao ya kuweka nafasi inayokata asilimia 15, toa dola 32,850 nyingine. Mkononi inabaki takriban dola 157,600.

Tuseme mishahara, pango, umeme, chakula na matengenezo ni dola 110,000 kwa mwaka. Zinabaki kama dola 47,600 za kulipia mkopo na kumpa mwenye mali riziki yake. Si haba.

Sasa shusha wastani hadi asilimia 40. Baada ya kodi na kamisheni zinabaki dola 105,000 tu. Gharama nyingi hazishuki, kwani mpishi na mlinzi wanalipwa mgeni awepo asiwepo. Hoteli ileile, yenye bei ileile, imeingia hasara ya dola 5,000 kabla ya kugusa mkopo.

Na asilimia 40 si jambo la kufikirika. Masika, hasa Aprili na Mei, wageni hupungua sana na baadhi ya hoteli hufunga milango kabisa. Anayefungua hoteli kwa kupiga hesabu za Agosti atajibiwa na Mei.

Hoteli kubwa inaweza kufunga ghorofa nzima na kupunguza gharama. Ya vyumba kumi haina nafasi hiyo. Nafuu yake ni mgeni anayerudi, au anayeletwa na rafiki na kuweka nafasi moja kwa moja. Katika mfano huu, nusu ya wageni wakija kwa njia hiyo, zaidi ya dola 16,000 zinabaki nyumbani kwa mwaka.

Halafu lipo suala la umeme. Wenyeji hawajasahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa takriban miezi mitatu gizani baada ya hitilafu ya umeme unaotoka bara. Tangu hapo, jenereta na tangi la maji si anasa. Ni sehemu ya mtaji.

Mji ukibaki na wageni tu

Wapo wanaoona hoteli hizi zinawasukuma nje wenyeji. Hoja yao ina uzito: nyumba iliyokuwa na familia nne ikigeuka hoteli, familia hizo zinahamia ng'ambo, na duka la mahitaji ya nyumbani linageuka duka la vinyago. Mgeni naye alikuja kuona mji unaoishi.

Lakini nyumba isiyo na mwenye kuihudumia nayo haidumu. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Kama jengo maarufu kuliko yote mjini liliweza kufika hapo, nyumba ya kichochoroni isiyo na fedha ya chokaa iko hatarini zaidi.

Hoteli ndogo inaweza kuwa ndiyo inayolipia chokaa hiyo. Inawezekana pale mkataba unapokuwa mrefu kuliko deni, fundi anapojua kazi ya chokaa na boriti, na fedha za matengenezo zinapowekwa pembeni kabla ya faida kugawanywa. Bila hayo, hoteli inaitumia nyumba mpaka ichoke, kisha inaondoka na kumwachia mwenye mali kuta zilizolowa.