Tusimpime Kijana kwa Futi Peke Yake

Kila unapofika msimu wa michezo ya skuli, iwe Unguja au Pemba, hutokea kijana mmoja ambaye kichwa chake huonekana juu ya vichwa vya wenziwe kama mnazi uliosimama katikati ya migomba. Watazamaji humnyooshea kidole kabla hajaugusa mpira. Mwalimu wa michezo humwita pembeni, humwuliza umri wake na jina la mzee wake, na jioni ile ile habari huenea mabarazani kwamba skuli fulani imepata senta, yaani mchezaji wa kati wa mpira wa kikapu, na kwamba kijana huyo, Mungu akipenda, atafika Marekani. Hukumu imekwisha kutolewa. Kilichopimwa ni mwili, nao umepimwa kwa jicho tu.

Sisi hatuna ugomvi na urefu. Katika mchezo ambao kikapu kimetundikwa mita 3.05 kutoka chini, urefu ni mtaji, tena ni mtaji ambao hakuna mwalimu awezaye kuufundisha. Lakini fundi wa majahazi anapotafuta mti wa mlingoti hatazami urefu peke yake. Huugonga, huuzunguka, hutazama ulipopinda na vifundo vyake vilipo, na mara nyingine huuacha mti mrefu akauchukua uliopungua kidogo kwa sababu ule mrefu utavunjika kwa upepo wa kwanza wa kusi. Inasikitisha kwamba uangalifu tunaoupa mti tunaunyima mwana wa Adamu.

Tunalo funzo letu wenyewe katika jambo hili, na halina haja ya kutafutwa mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni, 2009, Watanzania wengi tulikesha kusubiri habari kutoka New York. Kijana wetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa sentimita 221, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya Marekani, NBA. Timu iliyomchukua ilikuwa Memphis Grizzlies. Wa tatu siku hiyo alikuwa James Harden, na Stephen Curry alisubiri mpaka nafasi ya saba. Furaha yetu ilikuwa ya haki. Hakuna Mtanzania aliyepata kufika pale kabla yake.

Tena waliomchagua hawakuwa vipofu. Katika msimu wake wa mwisho kwenye Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet alipata wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8 kwa mchezo, na alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne. Hesabu hizo hazikusema uongo, ila zilisema jambo moja tu: kwamba miongoni mwa wanafunzi wa vyuo walikuwa wachache mno walioweza kutupa mpira ukapita juu ya mikono yake. Hazikusema kama ataweza kuupokea mpira akiwa amekipa kikapu mgongo, huku mtu mzima mwenye nguvu za mchukuzi wa bandarini akimsukuma kiunoni, kisha akageuka upande usiotarajiwa au akamwona mwenzake aliyeachwa peke yake pembeni. Maswali hayo yaliulizwa baadaye, uwanjani, mbele ya maelfu. Mwezi Februari, 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujamalizika, alishushwa kwenda kucheza Dakota Wizards katika ligi ya chini, na hadi siku ile hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu kama yeye akashushwa hivyo. Alipita katika timu nne, akacheza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2.2, na baada ya msimu wa 2013-14 hakuonekana tena katika ligi ile.

Wako waliomcheka, na wengine bado wanamcheka. Kwa maoni yetu hilo ni kosa la insafu. Kijana huyu alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Tangu siku hiyo hadi usiku ule wa New York ilipita miaka kama saba, na sehemu yake kubwa alikuwa akihama skuli na nchi. Wapinzani wake walikuwa wakiudunda mpira tangu wakiwa na meno ya utotoni. Mtoto wa chuoni huanza na alifu kwa ujiti, akaja kwenye irabu, akaunganisha herufi, na ndipo anapofunguliwa msahafu. Huyu wetu alifunguliwa msahafu mbele ya watu kabla hajamaliza ubao, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzuri. Alipokwama, wakasema hajui kusoma.

Msomaji makini atatuuliza: mbona Hakeem Olajuwon wa Lagos naye alianza akiwa kijana mkubwa, na akawa mmoja wa masenta bora waliopata kuonekana duniani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu ya leo.

Olajuwon hakuanza kutoka mwanzo kabisa. Kabla ya kukijua kikapu alicheza mpira wa miguu akiwa golikipa, akacheza na mpira wa mikono. Miguu yake ilikwisha kujifunza kukimbia huku na huko katika nafasi ndogo, kusimama ghafla, na kubadilisha upande bila ya mwili kuanguka. Alipofika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980 hakutupwa uwanjani. Mwaka wake wa kwanza alikaa bila ya kucheza mashindano, akijifunza. Wakati wa kiangazi alikuwa akicheza katika ukumbi wa mazoezi wa mji huo dhidi ya Moses Malone, mtu mzima aliyekwisha kuwa bingwa, ambaye hakumhurumia hata kidogo. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza, na aliyechaguliwa wa tatu mwaka ule alikuwa Michael Jordan. Ubingwa wa ligi aliuchukua mwaka 1994 na 1995, na mitupo 3,830 aliyoizuia bado haijafikiwa na mtu yeyote katika ligi hiyo. (Kwa wale wanaotafuta udhuru mwezi wa Ramadhani unapoingia, tungependa wajue kwamba Februari 1995, akiwa amefunga, Olajuwon alitajwa kuwa mchezaji bora wa mwezi.)

Tofauti, basi, haikuwa katika futi za mwili. Mmoja alipata miguu iliyolelewa na michezo mingine, mwaka wa kukaa na kujifunza, na mkubwa wa kumfundisha kwa vitendo. Mwenzake alipata haraka. Joel Embiid wa Kamerun naye alishika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, baada ya kucheza mpira wa wavu. Alichaguliwa wa tatu mwaka 2014, akakaa misimu miwili mizima bila ya kucheza kwa sababu ya mguu, na timu yake ikamsubiri. Mwaka 2023 alitangazwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Na uteuzi ule ule wa 2014 una kisa cha kuwanyamazisha wapimaji wote. Nikola Jokić wa Serbia, kijana mnene kidogo, asiyeruka wala kukimbia kwa kasi, aliachwa mpaka nafasi ya 41. Amekuwa mchezaji bora mwaka 2021, 2022 na 2024, na mwaka 2023 aliipa Denver ubingwa wake wa kwanza. Anachokifanya ni kuona. Huupokea mpira, huyatazama mambo yote uwanjani kama nahodha anavyolitazama tanga na mkondo kwa pamoja, kisha huupeleka mpira mahali ambapo mwenzake atakuwapo baada ya nukta moja. Hakuna utepe wa kupimia jambo hilo.

Tukirejea kwetu: mwalimu wa skuli aliyepata kijana mrefu wa miaka 15 atazame nini? Kwanza atazame mikono, kwa maana ya kudaka. Kuna warefu ambao mpira huwagonga vidole ukaanguka, na kuna ambao mpira hukwama mikononi mwao kama samaki aliyenasa wavuni. Kisha atazame miguu, na hapa akae sana. Kijana aweze kupiga hatua za ubavu magoti yakiwa yamekunjwa, aweze kugeuka juu ya mguu mmoja bila ya kuuburura mwingine. Siku hizi, tangu mitupo ya mbali ya pointi tatu ilipoenea, senta hawezi tena kukaa chini ya kikapu kama mlinzi wa mlango. Huitwa nje kumkabili mtu mfupi mwenye kasi, na asiyekuwa na miguu huaibika. Amtazame pia kwenye mitupo huru, ambako hakuna anayemkaba. Kijana mwenye mkono laini pale anaweza kufundishwa kutupa kutoka mbali, na asiyekuwa nao atahitaji kazi ya miaka.

Kubwa kuliko yote ni namna anavyojifunza. Kijana asilinganishwe na jirani yake, alinganishwe na yeye mwenyewe wa miezi sita iliyopita. Akifundishwa leo kuupokea mpira kwa mikono miwili na kuuweka juu ya kidevu, je, baada ya mwezi bado anaushusha kiunoni ambako wafupi humnyang'anya? Akikosea, hutazama chini, humlaumu mwenzake, au hurudi mbio kulinda? Tumewahi kuona mwalimu akimtoa uwanjani kijana mrefu kwa kosa la kwanza na kumwacha mfupi aliyekosea mara tatu, eti kwa kuwa mrefu "anatakiwa aweze". Huko si kufundisha.

Pia kuna suala la umri na afya ambalo hupitwa haraka mno. Kijana anayerefuka karibu sentimita kumi kwa mwaka huupoteza kwa muda ustadi aliokuwa nao. Mikono na miguu imekuwa mipya kwake, na huonekana mzito kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Wengi huachwa wakati huo huo, wakati wanapohitaji subira. Wengine hulazimishwa kurukaruka kila siku juu ya saruji mpaka magoti yanaanza kuuma, na wakilalamika huitwa wavivu. Mwaka 2007 Marekani ilimchagua wa kwanza senta Greg Oden, mbele ya Kevin Durant, na magoti yake yakaumaliza mchezo wake akiwa bado kijana. Ikiwa hayo yaliwapata wenye madaktari kila kona, sisi tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Na wazee wanaopunguza umri wa mtoto katika fomu ili aonekane wa ajabu, wajue kwamba wanaharibu kipimo chenyewe: mtu wa miaka 19 aliyeandikwa 16 amekwisha kukua.

Tunalisema hili kwa viongozi wa Chama na Serikali kwa sababu jambo lenyewe si la michezo peke yake. Mahali ambapo hapana mafunzo ya utaratibu, dalali hupata nafasi. Huja na ahadi ya skuli ya ng'ambo, huchukua pasi na vyeti, na kijana huondoka katikati ya masomo akiwa na urefu wake tu. Wapo Waafrika waliofikishwa hivyo Marekani, katika skuli zisizokuwa na masomo ya maana, na goti lilipoharibika hapakuwa na aliyewajua. Tumkumbuke Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyefariki dunia mwaka 2024. Yeye aliingia Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa msaada wa masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari. Udaktari haukuwa, lakini shahada aliipata kabla ya kuchaguliwa wa nne mwaka 1991, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa achague kati ya daftari na mpira anadanganywa, na anayemwambia hivyo aulizwe anapata nini.

Hatuombi majumba makubwa ya michezo. Tunaomba skuli zenye viwanja vya kikapu zifungue milango yao kwa watoto wa miaka tisa na kumi, wafupi kwa warefu, kwani senta wa kesho hajulikani akiwa darasa la nne, na pengine sasa hivi anacheza mpira wa miguu ufukweni, jambo ambalo aachwe aendelee nalo. Tunaomba walimu wachache wapelekwe kwenye mafunzo ya ukocha kwa miezi, si kwa semina ya siku mbili yenye chai na picha ya pamoja. Na tunaomba kila kijana anayeteuliwa katika timu ya wilaya afunguliwe daftari lake: umri wake kwa cheti cha kuzaliwa, kimo chake kila muhula, maumivu yake, mitupo huru aliyoipata katika kila hamsini, alichofundishwa na alichokishika, na ripoti ya masomo yake pembeni. Akihama skuli, daftari limfuate. Akija mtu kutaka kumchukua, akalisome kwanza mbele ya mzazi na mwalimu mkuu.

Gharama ya daftari haizidi bei ya mpira mmoja. Timu za wilaya za mwakani zitachaguliwa kabla ya michezo ya UMISSETA, na maafisa wa michezo wa wilaya, Unguja na Pemba, wana muda wa kutosha wa kuyafungua kabla ya siku hiyo.