Fundi wa Matondoni na Cheti cha Ughaibuni

Fundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hulaza mkuku, akaunda mataruma na kutia kalafati bila ya mchoro. Kipimo chake ni jicho, na mtahini wake ni bahari. Je, akitaka kwenda nchi za Ghuba kutafuta kazi ya useremala, nani atamthibitisha kuwa ni fundi?

Mcheza kwao hutuzwa. Ugenini huulizwa cheti. Asiyekuwa nacho huweza kuhesabiwa kibarua tu, ijapokuwa ameshika tezo miaka 30.

Njia ya kisheria ipo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hutahini mafundi kuanzia daraja la 3 hadi la 1, na sheria ya mwaka 2014 ya mfumo wa sifa za kitaaluma inakubali kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Shida, kwa maoni yangu, ni namna ya kupima. Maswali ya karatasi humpima fundi kuandika, hayampimi kuunda.

Napendekeza watahini waende chomboni kinapoundwa, waulize kwa Kiswahili, na mafundi wakongwe waketi nao. Walimu wa vyuo vya ufundi nao waandike yale ambayo mikono inayajua.

Wako watakaosema vyeti vitaipokonya Lamu mafundi wake. Lakini mwenye kuazimia safari huondoka hata bila cheti, ila huondoka mnyonge. Na mwanafunzi akiona kazi ya babu yake inaheshimiwa na serikali, huenda akatamani kujifunza.